Jina Huandikwa Ubavuni

Mtakapopewa fomu inayouliza malengo yenu ya kazi, msiijaze siku hiyo hiyo. Ikunjeni, iwekeni ndani ya kitabu mnachokisoma, mkae nayo wiki nzima. Mimi niliijaza ya kwangu kwa asubuhi moja, kwa wino mweusi na rula, na nakala yake ninayo hadi leo. Ni kurasa mbili safi. Nilichokiandika kilikuwa kweli, lakini kilikuja kutimizwa na mtu mwingine. Jinsi ilivyotokea ndiyo ninayotaka kuwasimulia ninyi mnaoanza kufundisha katika vyuo vidogo kama chetu, ambavyo wageni wakivitaja hutanguliza neno "hata": hata Nachingwea kuna chuo, hata huko wanafanya utafiti.

Nilizaliwa Nambilanje, upande wa Ruangwa, nikafanya kazi Nachingwea maisha yangu yote, nikastaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Niliingia chuoni nikiwa mhudumu wa maabara, yaani mtu wa kuosha vioo na kuchemsha maji. Niliondoka nikiwa mkufunzi. Katikati hapo hapana chuo kikuu. Kuna kozi fupi, kuna cheti, kuna stashahada niliyoisoma wakati wa likizo, na kuna kitabu kimoja kinene cha Kiingereza kuhusu tishu za mwili, kilichoachwa kabatini na daktari wa misheni aliyekwenda kwao asirudi. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku. Siku neno moja liliponishinda sikuendelea mpaka nilipolipata. Kilinichukua miaka.

Sura ya saratani ya titi niliirudia kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo tuliyoiona kwa macho. Wanawake walikuja na uvimbe uliokwisha kupasuka, wamefunika kwa khanga na majani, na sisi hatukuwa na la kusema ila, "Tutapeleka kipande Dar es Salaam, usubiri majibu." Kipande kilikwenda kwa basi, majibu yalirudi kwa basi, na katikati hapo mwanamke aliondoka zake kwenda kulima. Kusubiri huko ndiko nilikotaka kukukata.

Lakini aliyenifundisha kazi si kitabu. Ni Mzee Mponda, Myao wa maneno machache, mhudumu wa maabara aliyenitangulia. Hakuwahi kunieleza sababu ya jambo lolote kabla sijalikosea. Wiki yangu ya kwanza alinipa kipande cha nyama kilichotolewa mwilini mwa mgonjwa, akaniambia nikihifadhi kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Nikatafuta chupa, nikaona ya soda, safi, imesimama vizuri. Nikakisukuma kipande kikaingia, nikamimina dawa, nikaziba. Mzee Mponda aliniangalia, akaendelea kunywa chai yake.

Siku ya pili akasema, "Haya, kitoe."

Nyama ikikaa ndani ya fomalini hukakamaa kama soli ya kiatu. Nilipindua chupa, nikatikisa, nikaingiza waya. Kipande kilinitazama kupitia kioo.

"Kimeingia mtoto, kimekuwa mtu mzima," Mzee Mponda akasema. "Sasa unazaa au unapasua?"

Nilipasua. Tangu siku hiyo sikuweka kipande ndani ya chupa ya shingo nyembamba. Kwa kuwa chupa za kazi hazikutosha, niliomba kila mtu aniwekee makopo ya siagi ya karanga, yale ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko chekundu. Nikawa na kabati zima. Walimu wenzangu wakawa wanasema Hassani hali siagi, anakula makopo.

Mzee Mponda alinipa na sheria nyingine, na hizi mzishike: dawa iwe mara kumi ya kipande, isiwe kidogo kwa kubana. Andika kwa penseli, kwa sababu spiriti hula wino lakini haili penseli. Na jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe lisiandikwe kwenye kifuniko. "Kifuniko kinatembea," alisema. "Kopo ndilo linalokaa na nyama." Hii nayo hakunieleza zaidi. Nadhani alikuwa anasubiri niikosee. Alistaafu kabla hajaiona siku hiyo.

Siku yenyewe ilikuja mwaka ule wa wageni. Chuo kikuu kimoja cha mjini kilikuwa kimeanza utafiti wa saratani ya titi, na aliyeuongoza, profesa mmoja mama, mtu wa kunyooka, hakutaka uishie mjini. Alizunguka vyuo vidogo akitafuta wakufunzi wa kushirikiana nao. Alitukuta watano katika chumba cha walimu, akatugawia zile fomu: lengo lako ni nini katika kazi hii, na unahitaji nini ulifikie. Akasema wazi kwamba mkufunzi mmoja wa chuo chetu atachukuliwa kusomea kazi ya tishu, kukata, kutia rangi na kusoma kwa hadubini, na jina lake litakuwamo miongoni mwa watafiti. Atachaguliwa kwa fomu na kwa sampuli atakazokusanya mwaka huo.

Alipotoka kila mtu alijifunika na karatasi yake kama mtihani. Isipokuwa Ladislaus. Ladislaus alifundisha uuguzi, alikuwa amesoma seminari miaka miwili akatoka, kwa hiyo mimi nilimwita Padri na yeye aliniita Shehe. Alikuwa na akili kunizidi, na uvivu kunizidi vilevile.

"Shehe, umeandika nini hapo kwenye lengo?"

"Andika lako."

"Langu ni kustaafu salama. Nikiandika hivyo yule mama atanifukuza. Lete nione."

Nikampa. Nilikuwa nimeandika: kuwa na chumba cha tishu hapa Nachingwea, ili kipande kinachotolewa hapa kikatwe hapa, na mwanamke apate jibu kabla hajaondoka kwenda shamba. Nisomee kazi hiyo, kisha nirudi kuifanya hapa, nifundishe wengine. Ladislaus alisoma, akatikisa kichwa, akachukua kalamu yake na kunakili yote neno kwa neno.

"Padri, hata aibu huna?"

"Lengo zuri ni la jumuiya," akasema.

Mwaka huo nilifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba yake. Nilikwenda na timu ya daktari kwenye kliniki za mkoba Ruangwa yote. Nilikuwa na daftari lenye safu nilizozichora mwenyewe. Niliitaka nafasi ile, sitawaficha. Nilikuwa nimekaa na kitabu kimoja miaka mingi kiasi kile, nikamtaka mtu mmoja wa mjini aniulize ukurasa wowote.

Msimu wa ufuta ulipokaribia, daktari alitoa vipande kwa wanawake wawili siku moja, mjini Ruangwa. Mmoja alikuwa Bi Esha, mwuza korosho zilizobanguliwa pale njia panda ya Nanganga, mwenye sauti ya kusimamisha magari. Wa pili alikuwa mkulima wa Likunja, mkimya. Jina lake lililokuwa katika daftari langu sitalitaja, na mtaona kwa nini. Nitamwita Mama Shaibu, ingawa wakati ule sikujua kama anaitwa hivyo.

Niliweka vipande katika makopo mawili yanayofanana. Barabara wakati huo ilikuwa bado ya vumbi na makorongo. Kabla hatujaondoka boksi likapinduka garini, dawa ikamwagika, makopo yakalowa yote. Nikakausha kwa pamba, nikabandika plasta ya jina ubavuni, ikateleza. Nikabandika tena, ikateleza. Dereva alikuwa anapiga honi. Vifuniko vilikuwa vikavu. Nikabandika majina juu ya vifuniko, nikajiambia nikifika chuoni nitahamisha.

Nilifika. Nikaona dawa imepungua katika makopo yote mawili. Nikayafungua yote mawili, nikaweka vifuniko juu ya kitambaa, majina yakiangalia chini, nikamimina dawa hadi ilipotosha, nikafunga. Ndipo nilipoyageuza ili nihamishe majina, nikaona ubavu mtupu huku na ubavu mtupu huku, na sikujua tena kifuniko kipi ni cha kopo lipi.

Nikajiambia: nilianza na la kushoto. Nikajiambia tena: ndiyo, nilianza na la kushoto, na kifuniko cha kushoto kilikuwa kushoto. Mtu akijiambia jambo mara tatu linageuka kuwa kumbukumbu. Nikaandika majina ubavuni, kwa penseli, kwa mwandiko mzuri, nikapeleka makopo kwenye basi la asubuhi.

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa. Bi Esha: saratani. Yule wa Likunja: uvimbe wa kawaida, hauna madhara. Daktari alimwita Bi Esha, akamweleza kwamba titi litakatwa, apelekwe Dar es Salaam mapema. Mama Shaibu alikuwa amepigiwa simu ya jirani, akaambiwa arudi shambani asiwe na wasiwasi. Wiki hiyo hiyo Profesa alinipigia. Akasema fomu yangu na sampuli zangu ndizo zilizopangwa zaidi kuliko za chuo chochote alichozungukia, na nafasi ni yangu. Niliweka simu mezani taratibu kama kitu kinachoweza kumwagika.

Lakini mimi ni mtu wa kurudia kusoma. Kabla sijafunga faili nilichukua maelezo ya daktari ya siku ile ya Ruangwa. Kwa Bi Esha aliandika: uvimbe laini, unacheza chini ya kidole, unauma. Kwa Mama Shaibu: uvimbe mgumu, haujongei, ngozi imevutwa ndani. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara ngapi? Uvimbe unaocheza mara nyingi hauna ubaya. Ule unaoshika na kuvuta ngozi ndio wa kuogopa. Mara nyingi, si mara zote. Niliposoma hivyo mikono yangu ilikumbuka kitambaa na vifuniko vilivyolala chali, majina chini. Na sasa sikuweza kujiambia tena habari za kushoto.

Hakuna aliyeniona. Katika karatasi zote zilizokuwapo duniani, kila kitu kilikuwa sawa. Bi Esha alikuwa aondoke na kaka yake keshokutwa.

Nilikwenda kwa Mzee Mponda. Nilimkuta kwenye uwanja wake wa ufuta, amepanga mafungu yaliyokauka, analipindua fungu moja moja juu ya turubai na kulikung'uta. Ufuta ulimwagika kwa sauti kama ya mvua ya mbali. Nikamweleza yote huku namsogezea mafungu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi akusikilize.

"Kwa hiyo umebadilisha," akasema.

"Sijui kama nimebadilisha, Mzee. Inawezekana ni sawa kabisa."

"Nimekuuliza unajua au hujui?"

"Sijui."

"Basi majibu yako ni hayo. Sijui ni jibu. Umelipeleka kwa nani?"

"Bado."

Akakung'uta fungu jingine. "Na ile nafasi ya kusoma?"

"Nikisema, itakwenda."

"Itakwenda," akakubali. Hakunibembeleza. Akalitupa bua kando, akachukua jingine. "Mimi nilikwambia kifuniko kinatembea. Umeona sasa kinakotembelea. Kimekwenda mpaka kifuani kwa mwanamke. Toka hapo, unanikanyagia ufuta."

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa chuo, na mbele yake nikampigia Profesa. Nilieleza kwa mpangilio: boksi, plasta, vifuniko, kitambaa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kuna mtu mwingine aliyeona?"

"Hapana, Profesa."

"Basi kwa nini unanieleza?"

"Kwa sababu Bi Esha anaondoka keshokutwa."

Nilisikia anapekua karatasi. Kisha akasema, "Mzuieni. Mtafuteni na wa pili. Rudieni vipande vyote viwili, na safari hii mtu avipeleke kwa mkono. Habari ya nafasi tutaizungumza baadaye." Kwa sauti yake nilijua kwamba hapatakuwa na mazungumzo.

Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Nanganga. Bi Esha alikuwa ameketi nje kwake, sinia la korosho halipo, watu wamekuja kumuaga. Nikamwomba tuongee pembeni, akakataa. "Sema hapa hapa, Mwalimu. Mwili wangu umekwisha kuwa wa mkutano." Nikasema hapo hapo.

Alinitazama. "Kwa hiyo hili ziwa ni langu au si langu?"

"Ni lako, Bi Esha. Ila majibu huenda si yako."

"Huenda?"

"Huenda. Nataka tuchukue kipande tena."

"Nimeshaaga watu. Nimeshamgawia mke mwenzangu sufuria! Ninyi watu wa shule!" Hapo sauti yake ikapanda, nikatajiwa mama yangu na watu wote walionisomesha. Alipochoka alikaa chini, akafunga khanga yake upya. "Na yule mwenzangu," akauliza kwa sauti ya chini, "yeye aliyeambiwa mzima, anajua?"

"Bado. Natoka hapa nakwenda kwake."

"Basi unakaa nini hapa? Nenda!"

Likunja nilifika jua likiwa la utosi. Wanawake walikuwa mashambani wanakata ufuta na kuufunga. Nilikuwa na jina lililokuwa kwenye daftari, lile la kwenye kadi yake, na haraka ilikuwa imenimaliza. Nikasimama njiani, nikaweka mikono mdomoni, nikaliita lile jina kwa nguvu mara mbili.

Miundu yote ikasimama.

Vijana wa leo mnaojua mambo ya mjini huenda hamtaelewa, lakini kwetu mtoto akitoka jandoni au unyagoni hutoka na jina jipya. La utoto linaachwa huko. Kumwita mtu mzima kwa jina aliloliacha, tena mbele za watu, ni tusi, ni kumwambia bado hajawa mtu. Huyu mama alikuwa ameandikishwa shule kabla hajaingia unyagoni, na jina lile la kitoto likamfuata kwenye kila karatasi ya serikali. Mimi mzaliwa wa Nambilanje, mwenye jina langu mwenyewe nililoliacha jandoni, nilikuwa nayajua hayo yote. Daftari lilikuwa limenisahaulisha.

Bibi mmoja akaniuliza, taratibu kabisa, "Nani amekufundisha kutukana watu, baba?"

Kisha mama mmoja akatoka katikati ya ufuta, mundu mkononi. Ni yule mkimya.

"Rudia ulivyoniita."

"Nisamehe, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ukikuta imeandikwa mimi ni mbuzi, utakuja na kamba?" Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi ni Mama Shaibu. Una nini?"

Nikamweleza, sasa kwa sauti ndogo, na kicheko kikaisha shambani. Alisikiliza akiwa ameushika mkono wake wa kushoto juu ya kifua, kama mtu anayezuia mlango. Nilipomaliza aliangalia mafungu yake ya ufuta, akayahesabu kwa macho.

"Nilijua," akasema. "Simu iliposema mzima, nililigusa, likawa gumu vilevile. Nikasema, watu wa hospitali wanajua kuliko kidole changu." Akampa bibi yule mundu. "Nakuja. Lakini hilo jina nitakurudishia, Mwalimu. Hata likikaa miaka."

Vipande vilirudiwa. Mimi sikuvigusa, niliomba mwenyewe nisiviguse, Ladislaus akavipokea, na akavipeleka Dar es Salaam kwa mkono, makopo mapajani safari nzima. Aliandika majina ubavuni, na juu ya kifuniko, na kwenye kikaratasi cha penseli akakitumbukiza ndani. "Shehe," akaniambia, "kwa uvivu wangu sitaki kurudia kazi hii mara ya tatu."

Nilikuwa nimebadilisha. Bi Esha alikuwa na uvimbe wa kawaida. Saratani ilikuwa ya Mama Shaibu. Ilikuwa bado haijasambaa, kwa hiyo alipasuliwa, akapoteza titi moja, akatibiwa, akarudi Likunja. Kama angeendelea kukata ufuta kwa kuamini maneno ya simu, angerudi kwetu na khanga na majani kama wale wengine. Hilo nililiwaza kila nilipofungua kopo, mpaka nikastaafu.

Nafasi ilikwenda. Profesa alisema hawezi kumpeleka mtu mwenye kosa la namna ile katika mwaka wa kwanza, na alikuwa sahihi. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Akaangalia fomu nyingine za chuo chetu, akakuta moja nzuri sana.

Ladislaus alikuja maabara akasimama mlangoni, jambo lisilokuwa kawaida yake. Siku zote alikuwa anaingia.

"Shehe, nimepewa nafasi yako."

"Si yangu tena, Padri."

"Lengo ni lako. Nilinakili mpaka nukta. Hata hilo la kurudi Nachingwea."

"Basi utarudi."

"Ndilo balaa lenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu ya kazi.

Alikwenda. Nilimkabidhi kitabu changu kinene, na kamusi. Alipomaliza masomo alipewa kazi mjini, chumba chenye kiyoyozi, na akanipigia kunieleza kwa maneno marefu mno. Sikubishana naye. Nilitoa nakala ya ukurasa ule wa malengo, nikaupeleka kwa basi, bila barua. Alikaa kimya mwezi mzima, kisha akarudi na mashine ya kukatia tishu, imefungwa kwa godoro kama mgonjwa.

Chumba kile kiko pale hadi leo, mmepita mbele yake. Vipande vinakatwa na kutiwa rangi Nachingwea, na vile vigumu picha zake hupelekwa kwa wajuzi zaidi. Majibu hutoka kabla mwanamke hajaondoka kwenda shamba, au karibu na hapo. Katika makala waliyoiandika na Profesa jina langu lipo mwishoni, kwenye shukrani, na nililipigia mstari chini kwa penseli. Wakati mwingine nilipokuwa napita mle ndani na kumkuta Ladislaus ameinamia hadubini, nilisimama nyuma yake kidogo. Nilijua kila alichokuwa anakiona. Kilikuwa kwenye sura ile. Moyo uliuma, sitasema haukuuma. Kisha nilikwenda darasani kufundisha vifuniko.

Ndiyo maana nawaambia mkae na fomu wiki nzima. Andikeni lengo ambalo hata mtu mvivu akilinakili, litamtuma kazi. Likiwa ni la kuwa fulani, mtapokonyana. Likiwa ni la kufanyika kitu fulani mahali fulani, atakayelichukua atakuwa amewasaidia. Mimi nimelijua hili kwa kupoteza, ninyi lijueni kwa kusoma.

Imebaki siku ya kuagwa. Wanafunzi walipanga viti uwanjani, wale walionipa jina la Mwalimu Kifuniko na kudhani silijui. Mkuu alihutubia, Ladislaus akahutubia akanitukana kwa adabu. Kisha zikaitwa zawadi, na kutoka nyuma wakaja wanawake wawili. Bi Esha alikuwa anawasukuma watu kwa sauti yake. Mama Shaibu alikuwa nyuma yake, amenenepa, amevaa gauni jipya, kopo limefunikwa kwa kitenge.

Alisimama mbele ya watu wote: walimu, wanafunzi, mke wangu, wanangu. Akaweka mkono mdomoni, akaita jina. Si Hassani. Lile jingine, nililoliacha jandoni Nambilanje nikiwa mtoto wa miaka tisa, ambalo hata mke wangu alikuwa halijui. Akaliita mara mbili.

Sijui aliuliza nyumba ngapi Nambilanje mpaka akalipata. Wazee waliokuwapo walishika vichwa. Wanangu walikuwa wanaulizana, "Kamwita nani?" Mimi nilicheka mpaka nikavua miwani.

"Sasa tumelingana," akasema Mama Shaibu, akanipa kopo.

Lilikuwa la siagi ya karanga, la mdomo mpana na kifuniko chekundu, limejaa asali ya Likunja. Jina halikuwa kwenye kifuniko. Lilikuwa ubavuni, juu ya plasta, kwa penseli, jina lile lile alilonipigia kelele. Asali imekwisha siku nyingi. Kopo liko dirishani kwangu, na mgeni akitaka kulisoma humgeuzia upande wa pili. Nimeliosha mara nyingi, na penseli, kama alivyosema Mzee Mponda, haifutiki.